Mkorosho wa Bondeni

Mkorosho ule niliukuta mimi, na nisingeukuta kama ningekuwa mtu wa kushughulika na yangu. Marehemu mume wangu alizoea kusema kwamba Somoe akiona chungu kimefunikwa, lazima akifunue. Sibishi. Nilikuwa nimeshuka bondeni kukata ukindu wa mikeka, nikaona miiba imezungushiwa mahali katikati ya majani, nikaenda kuchungulia. Ndani kulikuwa na mche wa mkorosho wa urefu wa mkono, majani ya juu bado mekundu kwa uchanga, na udongo wake umelowa. Mvua ilikuwa haijaanza kunyesha.

Kwetu huku, kati ya Madimba na mdomo wa Ruvuma, mtu akipanda mahindi kwenye ardhi yako, umemwazima. Akipanda mkorosho, umempa. Mti ukishika, na yeye ameshika, na hakuna baraza litakalomtoa. Ndiyo maana bonde lile halina mti wa mtu. Familia zote zilizokuwa na mashamba kule chini tuliyaachia Umoja wa Bonde, tukakubaliana: hakuna jembe, hakuna kibanda, hakuna mti wa kupanda. Ukindu kata, matete kata, kambale vua. Mengine ni ya mto. Ruvuma ukijaa unataka mahali pa kujinyoosha, na zamani tulipoubana kwa mashamba ulikuja kujinyoosha vyumbani mwetu. Mimi niliacha majaruba ya mpunga ya mama yangu, tena kwa shingo upande.

Sasa mtu kapanda mkorosho.

Kamati ilikaa siku ile ile. Gideoni, mwenyekiti wetu, si mtu wa maneno mengi. "Huo ukibaki, mwakani itakuwa shamba," alisema. "Ung'olewe." Lakini kung'oa mkorosho wa mtu kwa siri ni kununua ugomvi wa vizazi. Kwa hiyo ikaamuliwa mwenyewe atafutwe, aje aung'oe kwa mkono wake mbele ya watu, Ijumaa baada ya sala. Macho yote yakamwendea shemeji yangu Hashimu, ambaye siku ya kuachia mashamba alilia kama amefiwa.

"Mnaniangalia nini?" aliuliza.

"Tunaangalia kanzu yako mpya, shemeji," nikamwambia. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Mimi sikuamini kama ni yeye, na si kwa kumpenda sana. Hashimu ana mikorosho yake Mpapura tangu hajaoa. Anajua, kama tunavyojua sote, kwamba mkorosho hauvumilii kusimama majini, na pale ulipopandwa maji hutuama hadi kiunoni. Mwizi wa ardhi angechagua mwinuko, mti wake uishi. Huyu alichagua shimo kabisa, halafu akawa anabeba maji kuumwagilia. Ni nani anayehangaika kulea mti ambao hautavuka masika? Swali hilo lilinisumbua kuliko ardhi yenyewe.

Alhamisi asubuhi nikachukua kisu changu cha ukindu, kiwe kisingizio, nikaenda kukaa nyuma ya matete. Jua lilipoanza kuuma akaja mama mtu mzima na dumu kichwani. Nilimfahamu. Alikuwa Zulmira, aliyevuka mto kutoka Msumbiji wakati wa vurugu za kule, na sasa anaishi uani kwa binamu yake pamoja na bintiye Claudia na kichanga chao. Alitua dumu, akapiga magoti, akamwaga maji kwa kiganja, kidogo kidogo, kama anayemnawisha mtoto uso.

"Hodi," nikasema, nikitoka kwenye matete.

Hakushtuka. "Karibu, dada," akajibu.

Nilimuuliza kama anajua kwamba hapa haturuhusu mti. Alisema hajaambiwa. Na kwao, je, mtu akipanda mkorosho? Akasema na kwao ni hivyo hivyo, mwenye mti ndiye mwenye ardhi.

"Lakini mimi sitaki ardhi," alisema.

"Unataka nini basi? Maji yakija huu unakufa."

"Najua." Alifuta mikono kwenye kanga. "Claudia alijifungulia hapa. Tulipovuka uchungu ulimkamata, hatukufika kijijini. Kitovu cha mtoto kilipodondoka, nikakirudisha hapa, nikakizika. Sisi kitovu tunazika shambani kwa babu wa mtoto, juu tunapanda mti. Shamba la babu yake limebaki kule, limeungua. Nilitaka tu uote, hata kidogo. Akiulizwa kwao ni wapi, tuwe na mahali pa kumwonyesha."

Nimechungulia mambo mengi maishani na sijajuta. Hilo liliniuma. Nikamweleza uamuzi wa kamati, nikitazama chini.

"Nitaung'oa," akasema upesi. "Mmetupokea. Nitaung'oa." Angebisha kidogo ningepata la kujibu.

Ijumaa watu walijaa, Hashimu mbele kabisa, aje asafishwe jina. Zulmira alieleza mwenyewe, maneno machache, Claudia amesimama nyuma yake na mtoto mgongoni. Gideoni alivua kofia akaishika muda mrefu.

"Pole, mama," alisema. "Lakini tukiuacha huu kwa huruma, kesho kila mmoja ataleta huruma yake, na bonde limekwisha." Alisema kweli, na mimi niliyetoa majaruba ya mama yangu nilijua ni kweli.

Zulmira alichimba kwa mikono, mbali na shina, akateremka hadi chini ya mzizi, akainua donge zima na kila kilichozikwa ndani yake. Akalifunga kwenye kanga. Kisha akabaki amesimama, kwa sababu hakuwa na pa kulipeleka. Uani kwa binamu si kwake. Na sisi wote tuliokuwa pale tuna mashamba, tukawa tunatazama ndege.

"Nifuate," nikamwambia.

Tulipanda mwinuko hadi kwenye shamba langu, alilonipa mama, upande ambao nilikuwa nimeng'oa muhogo. Watu wakatufuata wote. Hashimu alinivuta pembeni.

"Somoe, wanao watasema nini?"

"Watasema, shemeji. Waache waseme."

Nikachimba shimo. Nilipomaliza, Zulmira akaninyooshea donge.

"Panda wewe, dada. Ukipanda wewe, ardhi inabaki yako. Mtoto atakuwa mgeni wako. Inatosha."

Alikuwa amelifikiria hilo njia nzima, na aliniachia mlango wazi kabisa wa kutokea. Sitasema uongo: mikono yangu ilikwenda kupokea. Ardhi ni ardhi, na ile ni ya mama yangu. Nikaushika mche, nikauweka shimoni, lakini sikuufukia. Nilimwomba Claudia anipe mtoto. Nikachuchumaa naye, nikakikunjua kiganja chake kidogo, nikakijaza udongo, nikakigeuza juu ya mzizi. Tukarudia, mimi na yeye, hadi shimo likajaa.

"Ameupanda yeye," nikasema, nikiwatazama wote.

Hashimu alitazama udongo wa mama yangu, akatazama mkono wa mtoto, kisha akawa wa kwanza kujibu.

"Tumeona," alisema.