Suruali ya Bwana Afya

Sheria ya mji ilisema hakuna kufuga ng'ombe kwenye makazi ya watu, na Bwana Afya akimkuta anamchukua. Fundi cherehani, sheria hiyo haikumwingia akilini hata kidogo. Alipojenga hapa palikuwa pori tupu. Mji ndio uliomfuata ng'ombe, halafu ukaziba pua.

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Mkaidi. Binti wa fundi ndiye aliyemlea tangu ndama, na alipofariki akamwachia mama yake. Fundi alikuwa radhi kukosa vyote, lakini si Mkaidi.

Asubuhi hiyo jirani aliingia anahema. "Dada, Bwana Afya huyo anakuja!"

Fundi alimkokota Mkaidi hadi chumba cha marehemu, akamrundikia majani mabichi ya maharage, yangali na umande, ili mdomo uwe na kazi usipige kelele. Majani hayo hunyaushwa kwanza ndipo ng'ombe apewe. Hilo alilijua tangu utotoni, ila hofu ilimtoa akili. Akafunga mlango, akakaa kwenye cherehani na kukanyaga kwa nguvu zote.

Bwana Afya akaingia anatabasamu, suruali begani.

"Shikamoo mama. Leo sikuja kikazi. Nipunguzie hii miguu, mdogo wangu anaoa."

"Marahaba baba. Iache, utaifuata kesho."

"Aa, nangoja tu."

Akajiweka kitini, akaanza porojo za bwana harusi na wakwe zake. Nyuma ya ukuta Mkaidi alikoroma. Fundi aliujua mkoromo ule: tumbo limejaa gesi. Bado angeweza kumwokoa, akamnywesha mafuta, akamtembeza. Ilikuwa kuinuka tu. Lakini akiinuka mlango utafunguka, na Mkaidi ataondoka na lori la mji. Akakanyaga cherehani haraka zaidi, machozi yakimzuia kuona uzi. Mara kishindo kikasikika chumbani.

"Nini hicho?"

"Kabati la marehemu. Limechoka kama mimi."

Bwana Afya akacheka, Mungu amsamehe, na ilipokwisha akachukua suruali yake akaenda zake.

Mkaidi alikuwa chini, ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma, ulimi nje. Fundi alimtikisa, akamwita, na jina lililomtoka lilikuwa la binti yake.

Bado alikuwa amepiga magoti pale aliposikia hatua.

"Mama, umenishonea mguu mmoja ukauziba kabi..." Bwana Afya alikuwa mlangoni, suruali mkononi. Akamwona ng'ombe.

"Si ungesema tu, mama? Daktari wa mifugo yupo hapo mtaa wa pili."

"Angemponya. Halafu wewe ungempeleka wapi?"

Bwana Afya alianza kuikunja suruali. Kazi yake aliijua.

"Lete," fundi alisema, akaipokea suruali. Akaketi palepale chini, mgongo akiuegemeza kwenye ubavu wa Mkaidi ambao bado ulikuwa na joto, akaanza kufumua.