Jina Asilolitamka Mwantumu

Asubuhi za ukungu, pale shamba la mkonge njia ya Magoma, Mwantumu alitembea kama mtu ambaye hajaamka sawasawa. Singa nyeupe za mkonge zilining'inia kwenye nyaya za kuanikia, na usingejua zinaishia wapi na ukungu unaanzia wapi. Yeye akipita katikati yake akiita watu kimoyomoyo: Grasiana! Hajira! Justa! Na singa, kwa alivyozisikia yeye, zilikuwa zinaitika.

Usimcheke. Shamba lilipochukuliwa na serikali, meneja mpya, Bwana Valerian, alitamka mbele ya wote kwamba chumba cha brashi, wanakosafisha singa akina mama peke yao, nacho kinastahili mnyapara mwanamke. Akamtaja Mwantumu, aliyekula vumbi la brashi tangu usichana wake. Aliitaka kazi ile, jamani, aliitaka mpaka hamu ya chakula ikamtoka. Sharti lilikuwa moja: Jumatatu aite majina yote mwenyewe, kama alivyokuwa akiita Isihaka, mnyapara wa siku zote. Ambaye jina lake halikuitwa hana kazi siku hiyo. Akishindwa, Isihaka anaendelea.

Rahisi, utasema. Rahisi wapi! Kati ya wanawake wale alikuwamo Swaumu binti Hiza, mama mzazi wa Athuman, mume wa Mwantumu. Na mke wa Kizigua aliyelelewa akaleleka halitamki jina la mkwewe. Hata mwezi wa saumu yeye aliuita mwezi mtukufu tu. Basi si aseme "Mama Athuman"? Haya, amtaje na mume kabisa! Aibu juu ya aibu. Na Bwana Valerian alikuwa mtu wa kuja. Ukimweleza, atasema kumbe wanawake hawaiwezi.

Jumapili alimwambia mumewe pale jikoni. Athuman akakuna kichwa.

"Mwache Isihaka akuitie hilo moja."

"Akiita yeye, kazi ni yake."

"Basi liruke."

"Mama apoteze siku kwa ajili yangu?"

Uani mkwewe alikuwa anapepeta mahindi. Ungo ukasimama kidogo, kisha ukaendelea. Athuman akaondoka zake, na Mwantumu akasinzia palepale karibu na mafiga. Akaota analitamka lile jina, nalo likamtoka mdomoni likiwa singa nyeupe, ndefu. Anaivuta, anaivuta, haiishi. Aliamka bado anaivuta.

Jumatatu ukungu ulikuwa mzito, wanawake wakionekana kanga tu, nyuso hakuna. Mwantumu akaita. Lo, sauti ilimtoka! Grasiana, nipo. Hajira, nipo. Ilikuwa ile ndoto yake ya kila asubuhi, ila sasa walioitika walikuwa watu. Akaita wote, akalibakiza moja. Akafungua mdomo, akaufunga. Machozi yakamlenga.

"Bado mmoja," akasema Isihaka, sauti tamu kama nini.

Halafu, kutoka nyuma kabisa, sauti ya mtu mzima ikapaa:

"Swaumu binti Hiza!" Na sauti ileile ikajijibu: "Nipo, mnyapara."

"Ah, hajaita yeye!" Isihaka akaruka.

"Isihaka mwanangu," akasema Bi Swaumu, akitokeza kwenye ukungu, "hebu tutajie jina la mama mkwe wako. Hapa, tusikie wote."

Isihaka akatazama viatu vyake. Wanawake wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega. Bwana Valerian akamtazama Isihaka, akamtazama Mwantumu, taratibu akaanza kuelewa.

"Wote wameitika," akasema. "Mnyapara, fungua chumba chako."

Mwantumu akafungua mlango. Wanawake wakaanza kuingia. Mkwewe alipofika, Mwantumu, kwa mazoea ya miaka yote ile, akakunja magoti kumpisha.

Bi Swaumu akamshika kiwiko, akamwinua.

"Simama wima," akamnong'oneza. "Magoti utanipigia nyumbani."