Safari ya Kumfurahisha Mama Mkwe

Jabiri alikodi Noa ya kutoka Handeni mpaka Korogwe, halafu yeye mwenyewe akaifuata nyuma kwa pikipiki, akila moshi njia nzima. Angefanyaje? Ndani ya Noa alikuwemo Bi Maryamu, mama mkwe wake, na kwao mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe, sembuse gari moja. Hata kuzungumza naye ni kupitia kwa mkewe, Mwanaidi, aliyekuwa humo garini na mtoto.

Na huyo Mwanaidi ndiye ambaye Jabiri alitaka kurudi naye nyumbani. Alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo ada, na mpaka leo mtoto anaota meno, mama mtu hajamruhusu kurudi. Kila Jabiri akiuliza, jibu ni lile lile: "Mama anasema bado." Bado nini? Haambiwi. Alishachoka kusonga ugali na kuula peke yake. Ndipo akakumbuka kwamba Bi Maryamu alizaliwa kambi ya mkonge huko Korogwe, na hajakanyaga tena tangu usichana wake. Akasema moyoni, nitamzungusha kila mahali pa kale, roho imlainike, jioni nirudi na mke wangu.

Loo, mzunguko gani huo! Kwenye kituo cha zamani cha reli, Bi Maryamu aliingia kutazama, Jabiri akabaki nje. Kwenye daraja la zamani, Bi Maryamu alivuka akihadithia kwa mikono, Jabiri akasubiri upande wa huku. Mwanaidi kazi yake ikawa kwenda na kurudi.

"Mama kapaonaje?"

"Kapapenda."

"Na lile jambo letu, kasemaje?"

"Hebu subiri, bwana. Haraka ya nini?"

Jua la utosi, jasho linamtiririka mgongoni, hasira zimemfika kooni. Safari kaipanga yeye, na hajaona kitu chochote zaidi ya migongo ya watu.

Mahali pa mwisho palikuwa makumbusho, katika ofisi ya zamani ya shamba la mkonge. Chumba kimoja! Mlango mmoja! Jabiri nusura alie. Akamshika Mwanaidi mkono pale mlangoni.

"Leo muulize kabisa. Mwambie nimekuja kwa heshima zote, naomba nirudi na mke wangu leo hii. Hiyo bado yake sitaki kuisikia tena."

Mwanaidi akaitika, akampakata mtoto, akaingia.

Jabiri akazunguka nyuma kutafuta kivuli, akaegemea ukuta chini ya dirisha la wavu. Ndani Bi Maryamu alikuwa akizicheka picha za wakata mkonge, akitaja majina ya watu wa kambini. Kisha akashusha sauti.

"Mwanaidi, huyu kijana namwonea haya. Gharama zote hizi! Nimekwambia tangu kabla ya mfungo, rudi kwako. Leo nimwambie nini?"

"Mwambie bado, mama."

"Bado ni yako wewe. Mimi unanifanya mbaya bure."

Jabiri alirudi mlangoni hajui kakanyaga wapi. Mwanaidi akatoka na mtoto, uso mkavu.

"Mama anasema bado kidogo."

"Nilikuwa dirishani, Mwanaidi."

Mwanaidi akamfuta mtoto udenda kwa ncha ya khanga, taratibu.

"Basi vizuri," akasema. "Siku nzima unaniuliza mama kasemaje. Tangu unioe, ni mama yako kasemaje, mama yangu kasemaje. Mimi umeniuliza lini?"

Maneno yote aliyokuja nayo Jabiri alikuwa amemwandalia mama mkwe, hata moja halikumfaa mkewe.

Ndani Bi Maryamu akakohoa, kumjulisha kwamba anataka kutoka. Jabiri akasogea pembeni, akageukia ukuta kama heshima inavyotaka, akasimama hivyo hivyo mpaka mama na binti yake wakampita.