Maharage Bila Mafuta

Stamena alikisukuma kipande cha gibanica kwa kidole kimoja, kama mtu anayemwondoa paka mezani.

"Kula, mama. Nimeipika mwenyewe. Jibini, mayai, mafuta yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko."

"Wewe Zorka, umesahau leo ni Jumatano Kuu? Nimefunga."

"Leo tu, siyo?"

"Tangu Kwaresima ianze. Hata tone la mafuta sijagusa. Maharage ya kuchemsha, viazi, kabichi chachu." Akashusha sauti, akatabasamu kama msichana aliyeficha barua. "Niliweka nadhiri. Nilimwambia Mungu, mimi nitafunga, wewe ijalie dawa ya hospitali ifanye kazi."

Nilicheka kwanza. Ndivyo nilivyo, hucheka kabla sijasikia vizuri. Kisha nikaacha, maana vidonge vya utafiti wetu bila mafuta haviingii kwenye damu. Hupita mwilini kama abiria aliyesinzia akapitiliza kituo chake.

"Na daftari la chakula? Kila asubuhi umeandika mayai mawili na jibini."

"Nilinakili ule mfano mliouchapa mbele. Sikutaka ugombezwe kwa ajili yangu."

Mimi, muuguzi wa utafiti, ndiye niliyemweleza siku ya kwanza. Saratani ilikuwa imetoka kwenye titi, imeingia ini, na dawa za kawaida zilikuwa zimekwisha. Kilichobaki ni utafiti wetu. Karatasi za kutia sahihi zilikuwa kurasa ishirini na mbili. Nikaona macho yake yamechoka, nikamfupishia: "Asubuhi ule vya mafuta kama uko harusini, mama, la sivyo tumbo litakupigia kelele." Tulicheka, akatia sahihi. Akaenda zake akidhani mafuta ni ya kulilinda tumbo, na tumbo lake, husema mwenyewe, ni la chuma.

Nilimwacha chumbani nikaenda kwa daktari Pešić. Picha za asubuhi ile zilikuwa tayari kwenye kioo cha kompyuta.

"Madoa ya ini yamekua kwa zaidi ya moja ya tano," alisema bila kugeuka. "Kanuni ni hiyo. Anatoka kwenye utafiti."

"Hakuna njia yoyote?"

"Zorka, usinianze. Na amekula sawasawa, daftari nimelisoma. Huyu ni wa nne kushindwa. Akitokea wa tano, wenye utafiti wanaisitisha dawa."

Nilisimama pale nikiitazama shingo yake. Ningeweza kunyamaza. Stamena angerudi kijijini akiilaumu dawa, angekula Pasaka na binti yake, na siku yake ingefika, huenda kabla ya theluji, bila kujua lolote. Ingeitwa huruma. Lakini nilijua kabisa ni nani hasa angehurumiwa.

"Hakula sawasawa," nilisema. "Na kosa ni langu." Nikamweleza. Pešić akageuka, akavua miwani, akakaa nayo mkononi.

"Basi daftari lirekebishwe," alisema mwishowe. "Lakini mkono uwe wake. Si wako wala wangu."

Niliporudi, Stamena alikuwa ameshavaa koti.

"Nimetolewa," alisema kabla sijafungua mdomo. "Uso wako unasema."

"Ndiyo, mama." Nikavuta kiti, nikamwambia na lililobaki: mafuta, damu, maneno yangu ya harusini, na daftari linalongoja mkono wake. Nilisema polepole, bila kupamba.

Hakulia. Aliitazama mikono yake, ile mikono ya kuchambua pilipili miaka yote.

"Kwa hiyo nilikuwa napiga magoti ifanye kazi, na huku..." Nje toroli la chakula lilipita likigonga kuta. "Ungenieleza, Zorka. Ningemwendea padri. Huyo mnene wetu? Angeniruhusu hata kitimoto."

"Najua."

"Halikuwa neno la mzaha lile."

"Najua, mama. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Akauliza, "Ningekula, ningepona?"

"Kupona, hapana. Labda ungepata miezi kadhaa. Labda hata hiyo usingepata. Hakuna anayejua, ndiyo maana tunapima."

Alifunga kifungo cha juu cha koti. Kisha akaelekeza kidevu mlangoni. "Yule Ruža aliyekaa kwenye benchi nje, anaanza dawa lini?"

"Baada ya Pasaka."

"Naye hufunga kila Jumatano na Ijumaa. Namjua." Akavua koti, akanyoosha mkono. "Lete kalamu."

Katika utafiti hatufuti. Unapiga mstari mmoja juu ya neno, la zamani libaki likisomeka, pembeni unaandika la kweli, tarehe na sahihi. Kurasa zilikuwa arobaini na tano, moja kwa kila siku. Nilimshikia daftari lisijifunge. Mayai, mstari, maharage. Jibini, mstari, viazi. Aliandika polepole, kila kitu kama kilivyokuwa, wala hakuniomba nimsaidie.

Kati ya kurasa, kalamu ikasimama.

"Hii niliisahau. Ilikuwa sikukuu ya Kupashwa Habari Maria. Siku hiyo samaki ruksa. Kaka yangu alileta wa mtoni, tukamkaanga asubuhi hiyo hiyo, nikachovya na mkate kwenye mafuta yake."

"Hapa uliandika mayai."

"Niandike samaki?"

"Andika."

Aliandika kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote. Akakilaza kiganja juu ya ukurasa, kama anayepima homa ya mtoto.

"Basi siku hii dawa iliingia," alisema.

"Iliingia, mama."

Akaondoa kiganja, akafunua ukurasa uliofuata, akapiga mstari.