Sanduku Lililobebwa na Watu Sita

Habari ya ile pikipiki mpya ilifika Kalemie kabla ya pikipiki yenyewe, na mpaka leo ni habari tu iliyofika. Ilipitia wapi, nani aliileta, usiniulize. Wengine walisema imeonekana Kigoma, ng'ambo ya ziwa, imefunikwa turubai, inangoja meli. Wengine walikuwa na picha kwenye simu, picha ambayo ukiikuza unaona nyuma yake watu waliovaa makoti mazito, na Kigoma nani anavaa koti zito? Lakini hakuna aliyetazama makoti. Watu walitazama injini. Ilisemwa ni ya cc mia mbili hamsini, ina gia sita, inapozwa na maji, ina freni za disiki mbele na nyuma. Jovial, ambaye hubishana hata na redio, aliapa kwamba ni ya mia nne. Ukimwuliza ameiona wapi, anakujibu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mtu wa mbali hawezi kuelewa kwa nini wanaume wazima walikosa usingizi kwa jambo hilo. Waendesha pikipiki wa kwetu wanatumia zile ndogo za mia na hamsini, na mjini zinatosha. Lakini toka mjini, shika njia ya Nyunzu wakati wa mvua ukiwa na magunia mawili ya mahindi nyuma, halafu urudi uniambie kama zinatosha. Kuna vilima ambapo abiria anashuka, mzigo unashuka, na mwenye pikipiki anaisukuma kwa kifua huku akiibembeleza kama mgonjwa asiyetaka kula.

Aliyejua zaidi ya wote, au aliyesemwa kwamba anajua, alikuwa Papa Nathanaël, Papa Nata kwa mkato, fundi mwenye garaje yake kule mtaa wa Kataki. Kazi yake kubwa ilikuwa kufunga pikipiki mpya. Huku pikipiki, au moto kama tunavyoziita, haziji zimesimama. Zinavuka ziwa zikiwa vipande vipande ndani ya masanduku ya mbao, na fundi ndiye anayeziunganisha, nati kwa nati. Papa Nata alimfanyia kazi hiyo Mama Bibiane, mwenye depo kubwa ya pikipiki karibu na bandari, kwa miaka ishirini na moja. Na tuna desturi yetu: fundi anayefunga pikipiki ya kwanza ya aina mpya ndiye anayeipa jina. Jina la kiwanda linabaki kwenye karatasi. Ni Papa Nata aliyeiita aina moja Mukwe, kwa sababu ukiifokea inakataa kuwaka, na nyingine akaiita Pasta, kwa kuwa sauti yake ni kubwa kuliko mwendo wake.

Alikuwa mpweke. Nalisema waziwazi kwa sababu mwenyewe hakulisema. Mke wake, Elisabeth, alifariki miaka miwili iliyopita. Binti yao, Aimée, ameolewa Lubumbashi na hupiga simu siku ya Jumapili, mtandao ukipenda. Papa Nata hana ukoo hapa. Alishuka kutoka Baraka, kaskazini ya ziwa, akiwa kijana pamoja na wavuvi, na wavuvi wale, wengine wamekufa, wengine wamerudi kwao. Baada ya matanga watu walikuja mwezi mmoja, kisha wakapungua, kama kawaida ya watu. Akawa anapika bukari, ugali wetu, ya mtu mmoja, na bukari ya mtu mmoja ni ngumu kupima, kila siku inabaki. Wateja walikuja, wakakaziwa mnyororo, wakaondoka. Kulikuwa na siku ambazo alifunga garaje jioni akakumbuka kwamba tangu asubuhi hajatamka kitu ila bei.

Basi siku moja ya mwezi wa tatu meli ilishusha masanduku ya Mama Bibiane, naye Papa Nata alikuwa bandarini kuyapokea. Sanduku la pikipiki hubebwa na watu wanne. Moja lilibebwa na watu sita, tena lilikuwa refu kuliko mengine kwa mkono mzima. Fundi mwenye busara angesubiri kulifungua. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alikuwa amesifiwa miaka yote hiyo kwamba anaitambua pikipiki kwa kuona sanduku lake tu. Karibu naye alisimama Fidèle, mwendesha pikipiki wa njia ya Nyunzu. Papa Nata akamwinamia na kumwambia, kwa ile sauti ya chini inayosikika mbali, "Ile njo yenyewe. Mia mbili hamsini."

Kabla ya saa sita mji mzima ulijua. Mchana ule garaje ilikuwa na watu kumi na watatu. Walikalia matairi, walikalia ndoo, wakaleta karanga, wakabishana kuhusu gia ya sita mpaka Jovial akakauka koo. Katikati ya kelele hizo mtu mmoja, hata leo hajulikani ni nani, alimwuliza Papa Nata kama amekula. Swali dogo hilo ndilo lililomwangusha.

Asubuhi iliyofuata alilifungua lile sanduku nyuma ya depo, Mama Bibiane akiwa pembeni na karatasi zake. Ndani mlikuwa na fremu na ekseli ya pikipiki ya magurudumu matatu, ile ya kubebea saruji, iliyoagizwa na mfanyabiashara mmoja wa Manono, kule kwenye migodi. Papa Nata akakaa chini. Mama Bibiane akamwuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Akaifunga kimya kimya, ikapakiwa kwenye lori, ikaenda zake Manono jioni ile ile. Na huko Kataki watu walikuwa wanamngoja.

Angesema siku hiyo, wangemcheka wiki moja na mambo yangeisha. Lakini alipofika akawakuta wameshakaa, mmoja amemwachia nafasi kivulini, akasikia mdomo wake unasema kwamba forodha bado haijatoa karatasi. Siku iliyofuata akasema betri imebaki Kigoma. Kisha ikawa funguo. Ulikuwa uongo mdogo mdogo, wa kifundi, na hakupata faranga kwa uongo huo. Hakuuza kitu, hakuomba kitu. Alitaka tu kwamba kesho waje tena, nao wakaja, majuma matatu mfululizo. Walianza hata kugombania jina. Mzee mmoja akawaonya kwamba mtoto hapewi jina akiwa tumboni, wakamtania mpaka akaenda zake. Papa Nata akatoa sufuria kubwa, akapika bukari na samaki wa mikebuka kwa ajili ya watu wote, na kwa mara ya kwanza tangu msiba haikubaki hata tonge. Usiku alilala akijiona mwenye bahati, halafu akijiona mwizi.

Fidèle alikuja kila siku, lakini hakupiga kelele kama wengine. Mke wake, Gracieuse, ni mwalimu Nyunzu, na wana mtoto wa miezi saba. Kwa zile pikipiki ndogo na kwa njia ile, Fidèle aliwaona mara moja kwa mwezi, mvua ikiruhusu. Hakuuliza kuhusu mbio za ile pikipiki mpya. Aliuliza kama itapanda kilima bila abiria kushuka. Aliuliza kama mtu anaweza kutoka Kalemie Jumamosi na kurudi Jumapili, kila juma, bila injini kuchoka. Papa Nata alimjibu kwamba inaweza, tena akiwa amemtazama machoni.

Siku ya Alhamisi Fidèle alimvuta kando. Amepata mtu wa Kabalo wa kununua pikipiki yake, anakuja kuichukua Jumamosi asubuhi, palepale garajeni. Ile mpya ikitoka forodhani tu, yeye atakuwa wa kwanza mlangoni kwa Mama Bibiane. Alieleza hayo kwa furaha ya mtu anayemwambia baba yake kwamba ameamua kuoa.

Pikipiki ile ndiyo iliyomlisha Fidèle, ndiyo iliyomfikisha kwa mtoto wake. Akiiuza, atabaki Kalemie kwa miguu akingojea kitu ambacho hakipo, na mtoto kule atajifunza kutembea bila yeye. Akiambiwa ukweli, wote watasikia, na garaje itarudi kuwa ile ya zamani. Ijumaa nzima Papa Nata aliyapima mambo hayo mawili. Ni aibu kusema, lakini nitasema: kwake yalikuwa na uzito karibu sawa.

Jumamosi walikuwapo wote. Mtu wa Kabalo naye alikuwa amefika, anaizunguka pikipiki ya Fidèle, anabonyeza matairi kwa kidole gumba. Fidèle alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni kutoa funguo. Papa Nata akainuka, kitambaa cha girisi mkononi.

"Fidèle, usiuzishe," alisema. "Ile moto haiko. Mule mu sanduku haikukuwa moto ya mia mbili hamsini, ilikuwa ya magurudumu matatu, ya mizigo. Ilienda Manono. Mimi nilijua tangu siku ya pili."

Kisha Jovial akacheka, kicheko kisicho na furaha, na akawaeleza wenzake alichokielewa. Imeenda Manono, wamesikia? Si kwamba haikuja. Ilikuja, na Papa Nata na Mama Bibiane wamewauzia watu wa migodi wenye pesa zao, na sasa wanatafuta hadithi ya kuwanyamazisha wenye njaa. Wenzake wakatazamana. Mambo yakawaingia. Pikipiki iliyofika ikachukuliwa na tajiri ni rahisi kuamini kuliko pikipiki ambayo haikufika kabisa. La kwanza wamelizoea. Papa Nata akajaribu kueleza habari ya ekseli, habari ya wabebaji sita, akawaambia waende wamwulize Mama Bibiane. Kila neno lilimzamisha zaidi. Walimwamini majuma matatu akiwadanganya, na siku aliyosema kweli wakamwita mwongo.

Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu akiwasha pikipiki yake. Mmoja wao alitema mate mlangoni. Mtu wa Kabalo, alipoona Fidèle amerudisha funguo mfukoni, naye akaenda kutafuta kwingine.

Fidèle alibaki. Yeye aliamini, aliuona uso wa Papa Nata na akajua. Hakupandisha sauti, na hilo lilimwumiza mzee kuliko kelele za wengine. Alimwuliza tu kwa nini. Papa Nata alikunja kitambaa chake, akakikunjua.

"Mulikuwa munakuya," alisema mwishowe. "Njo ile tu. Mulikuwa munakuya."

Fidèle alitoa funguo mfukoni. "Papa Nata," alisema, "ungesema tu uko peke yako. Tungekuya. Mimi ningekuya."

Kisha akapanda pikipiki yake na kushika njia ya Nyunzu. Alifika salama, Papa Nata alisikia kwa watu. Lakini pale garajeni hakurudi tena. Mnyororo wake sasa unakazwa na fundi mwingine, karibu na soko.

Mwezi mzima ukapita. Mama Bibiane aliendelea kumpa masanduku, yale ya watu wanne. Sufuria kubwa ikarudi chini ya kitanda. Waendesha pikipiki walipopita mbele ya garaje walitazama mbele, na waliopasukiwa na tairi karibu naye walisukuma pikipiki mpaka kwa fundi mwingine. Alizungumza na Aimée Jumapili mbili, na mara zote mbili akamwambia kwamba mambo ni mazuri, watu wanakuja.

Asubuhi moja akaingia mgeni mwenye pancha, kijana aliyejitaja kuwa Guelord, ametoka Moba na hajui yaliyotokea hapo. Papa Nata alitoa tyubu, akaizamisha ndani ya beseni la maji kutafuta pale panapotoa mapovu. Guelord, kwa kuchangamsha maneno tu, akauliza kama ni kweli kuna pikipiki ya mia mbili hamsini inayokuja.

Majibu yalikuwa tayari mdomoni mwa Papa Nata, yamejipanga. Forodha. Betri. Alijua kabisa ni lipi lingemfanya mgeni huyu avute ndoo na kukaa. Akaendelea kuigeuza tyubu ndani ya maji.

"Haiko," alisema. "Mimi njo nilidanganya watu."

Gurudumu lilirudishwa, likajazwa upepo. Papa Nata alipofuta mikono yake, alisema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata siku ya kumzika Elisabeth. Alilisema akiwa amelitazama tairi, huku akimsogezea ndoo ya kukalia.

"Kama hauna haraka, ikala kidogo. Niko peke yangu hapa."

Mgeni alimtazama, kisha akatazama barabara. Alikuwa na abiria anayemngoja sokoni. Alieleza hilo kwa heshima, mara mbili, kama mtu aliyeona haya, akakanyaga kiki na injini ikawaka.

"Nitapita kesho, Papa," alisema.

Papa Nata alibaki amesimama na pampu mkononi. Alilijua neno lile, kesho. Alijua linavyotengenezwa: huruma kidogo, woga kidogo wa kusema hapana, kisha unaongeza siku moja. Yeye mwenyewe alikuwa amewagawia watu neno hilo majuma matatu, na hakuna mtu Kalemie aliyejua vizuri zaidi lilivyo jepesi. Hata hivyo kesho yake aliamka mapema, akafagia mlangoni, akaanza kazi, na kila injini iliyopita barabarani ikamfanya ainue kichwa.