Hatua za Koridoni

Chumba cha sauti kilikuwa kimezibwa kwa magodoro kuta zote, na joto la mchana lilikuwa limekilegeza kila kitu. Kwenye skrini mwanamke alilala kitandani, kakodoa macho, akisikiliza koridoni. Kwa vile picha haikuwa na sauti bado, alionekana kama anaelea majini.

Kati ya wale dada wawili wa filamu hii, mdogo mtu ndiye aliyekuwa fundi wa sauti. Kazi yake ni kutazama picha huku akitembea kwenye ubao mbele ya maikrofoni, kavaa viatu vya kiume vya mtu wa koridoni asiyeonekana kwenye picha. Dada yake ndiye mwongozaji. Filamu yenyewe ya kutisha, lakini haina jini wala damu, na hapo ndipo kasheshe ilipoanzia.

"Haitishi," alisema mwenye studio. "Ikifika jioni bado iko hivi, naweka dude lenye pembe."

"Anza na zako," dada alimjibu. Filamu hii alikuwa ameipigania miaka na miaka. Pembe zikiingia, si yake tena.

Mama yao, aliyewapitia tu kuwasalimu, alikuwa anasinzia kwenye kiti cha kona.

Jamani, tangu asubuhi mdogo mtu alikuwa anatembea kama dude! Puu, puu, puu. Ndilo kosa la mafundi wa sauti: mtu wa kutisha lazima wampe uzito. Akafumba macho, akajiuliza yeye mwenyewe aliwahi kuogopa hatua za nani. Jibu lilikuja bila kubisha hodi.

Akatembea upya. Taratibu, kwa adabu, kama mwenye nyumba anayechunga asiamshe watoto. Hatua, hatua. Kisha akasimama, akaburuta kisigino kidogo. Kimya. Baba yao, Mungu amsamehe akipenda, alikuwa akisimama hivyo hivyo mlangoni kwa mama kabla hajaingia kumpiga. Chumba cha pili wasichana wawili walikuwa wameshikana mikono chini ya shuka. Asubuhi mama alisema ameteleza bafuni, nao wakampa pole.

Mwenye studio alikuwa ameng'ang'ania kiti kwa mikono miwili. "Basi," alisema. "Inatosha. Pembe sizitaki tena."

Dada aliangua kicheko cha furaha, akageuka, kicheko kikamfia mdomoni. Mama alikuwa macho.

"Kumbe mlikuwa mnasikia?"

"Kila siku, Mama," alisema dada.

"Na mimi nilivyokuwa naing'ata ile shuka," mama alisema polepole, kama anayeongea usingizini. "Ili msiamke."

Mdogo mtu alitaka kumkimbilia, lakini mama alikuwa anaitazama miguu yake. Akainama, akavua vile viatu, ndipo akaenda.