Wimbo Usio na Mtunzi

Bonifasi aliibana maikrofoni ndogo kwenye kanga ya Wankyo, kwa adabu kama anayempamba bibi harusi. Eufrasia aliyaona yote kutoka barazani kwake, akajifanya anapepeta ulezi. Ulezi wenyewe alikwisha kuupepeta asubuhi.

Wanawake hao walikuwa wajane wa mume mmoja, marehemu Burito, na nyumba zao zilitazamana katika kijiji kimoja karibu na Butiama. Ya Eufrasia, mke mkubwa, ilikuwa ya bati. Ya Wankyo ingali ya nyasi. Ndiyo maana Bonifasi, aliyetumwa kutoka Musoma na profesa wa Ulaya kukusanya nyimbo za kale, alielekea kwenye nyasi bila kuuliza. Profesa alitaka picha zifanane na zile za vitabu vya enzi za Mwingereza. Hata jiwe la kusagia, lililokwisha kusahaulika tangu mashine ije, lilifukuliwa nyuma ya nyumba kwa ajili yake. Wivu ukampanda Eufrasia. Hakuushangaa, alikuwa ameulea tangu siku Wankyo alipoletwa.

Mara Wankyo akaanza kuimba huku akisaga, na ungo ukamponyoka Eufrasia.

Ulikuwa wimbo wake. Aliutunga mwenyewe, angali mke kijana, magoti yake yakiwa mbele ya jiwe lile lile. Desturi ilikuwa hivyo: mke hamgombezi mwenzake mbele ya mume, lakini akiwa anasaga aweza kuimba lolote, na asichukuliwe ubaya. *Shingo ndefu imeingia, ugali wake haujaiva. Mume kala, kanyamaza.* Shingo ndefu alikuwa nani, kijiji kizima kilijua.

Akavuka uwanja, ulezi umemjaa miguuni.

"Mwanangu, huo wimbo ni wangu. Sema ni wa Eufrasia."

Bonifasi akatabasamu. "Bibi, nyimbo za jadi huwa hazina mtunzi. Kuna mmisionari alishaandika zamani, kabla ya uhuru, kwamba hizi ni za kabila. Profesa anafuata hiyo."

"Huyo mmisionari alisagaga wapi? Kabila lina mdomo?"

"Sasa una ushahidi, bibi?"

Hapo akakwama. Ushahidi ulikuwa umepiga magoti mbele yake. Ili wimbo uwe wake, ilimpasa akiri, mbele ya kijana wa watu, kwamba alimwonea gere mwanamke huyu mpaka akamtungia masimango. Maisha yao yote alikuwa akisema ulikuwa utani tu.

"Shingo ndefu ni mimi," Wankyo akasema. "Alinisema mimi huyu. Na ugali kweli ulikuwaga mbichi." Akamgeukia Eufrasia. "Ulinikata maini, dada. Lakini wimbo ni mzuri. Mimi nilikuonea wivu, sikuwezaga kutunga hata mstari."

Eufrasia hakujua auweke wapi uso wake. Siku zote alidhani wivu wa nyumba ile ulikuwa mali yake peke yake.

Bonifasi akakohoa. "Sawa, mabibi. Ila nikisema mtunzi yupo na anapumua, profesa atasema si wa jadi. Hautaingia. Ama uende bila jina, ama niufute."

Eufrasia aliwaza maneno yake yakisikilizwa Ulaya, na watu waliovaa makoti mazito. Alilitamani jambo hilo hadi likamuuma. Bila jina, haya, lakini yangefika. Akafungua kinywa ili akubali.

"Futa," Wankyo akasema, akiibandua maikrofoni kifuani.

Kijana akamgeukia Eufrasia kwa macho ya kuomba. Eufrasia hakumwona. Alikuwa akimtazama mke mwenzake, aliyekwisha kuinamia ulezi wake kana kwamba hakutamka jambo, na wivu ukampanda upya, mkali kama wa siku ile ya harusi. Neno lile lilipaswa kutoka kinywani mwake.

"Futa," akasema naye, kwa sauti kubwa zaidi, huku akijua amechelewa.